Barua kwa Wifi kutoka Kilindini

Wifi yangu mpenzi,

Mimi nimefika Mombasa salama, mgongo tu ndio unanung'unika, maana basi lilikaa Horohoro mpaka zile karanga ulizonifungia zikaisha zote. Likoni tukashushwa garini tuvuke kwa miguu pamoja na umma. Mtembea kwa miguu pale halipi kitu, kwa hiyo nusu ya mji imo kivukoni: akina mama na ndoo za samaki, vijana na baiskeli, na mzee mmoja na mbuzi wake wawili waliosimama kwa adabu kutushinda sisi. Tulingojeshwa kidogo kwa sababu meli kubwa ilikuwa inaingia Kilindini na vivuko huipisha. Ilipita mbele yetu, ndefu, haiishi, na yule mwenye mbuzi akaniuliza, "Dada, hii kwa siku yanywa mafuta kiasi gani?" Jibu sikuwa nalo, lakini wa kumuuliza nilikuwa naye, kwa kuwa Mjomba alishanialika melini kwake kesho yake.

Basi nakupa siku hiyo yote, tangu chai.

Chai niliinywa Mji wa Kale kwa bibi mmoja anayepikia barazani. Mahamri matano shilingi 50, bakuli la mbaazi za nazi 60, chai ya maziwa yenye iliki 30. Ni shilingi za Kenya hizo, wifi, usizione ndogo. Zidisha mara 20 hivi upate za kwetu. Mbaazi zilikuwa zimeiva zikalegea, tui zito juu yake, na mahamri yana iliki ya kutosha mpaka ukivunja moja jirani ananusa. Kasoro ni kunguru. Kunguru wa Mombasa hawana haya kabisa. Nimegeuka tu kumwitikia mpita njia salamu, mmoja akateremka, akalichukua hamri langu la mwisho na kwenda kulila juu ya waya huku ananitazama. Bibi akanipa jingine na hela akakataa. "Huyo ni mteja wangu wa kila siku," akasema.

Maji yalikuwa ya bamvua, na ilipofika saa nne yalikuwa yamekupwa mbali. Chini ya Mji wa Kale jahazi moja limelazwa ubavu mchangani, limeegemezwa magogo, wanaume wanne wanalikwangua tumbo. Takataka yake unaijua: mwani wa kijani unaoteleza, na vile vijigamba vikali vinavyotuchana nyayo miambani. Vinatoka kwa sauti kavu, krr, krr, na harufu yake nimeiacha hukohuko. Upande uliokwisha safishwa kijana anapaka deheni kwa mkono mtupu, anaisukumiza mpaka kwenye maungio ya mbao. Nahodha, mzee wa Kibajuni, amekaa pembeni na kahawa tungu. Kikombe shilingi 10, nami nikaagiza viwili. Nikamuuliza, anajuaje kwamba wakati wa kukwangua umefika? Akasema hana haja ya kuinama kutazama. Upepo ni uleule, tanga ni lilelile, mzigo ni uleule, na safari ya Lamu inakula nusu siku zaidi: basi tumbo limeota.

Yaweke maneno hayo, wifi, kwa sababu siku nzima nilikuwa nayasikia tena kwa vinywa vya watu wengine. Palepale nilimfikiria mumeo. Tangu Ramadhani analalamika kwamba mashine ya boti inakunywa petroli, na sasa anataka kuiuza akope anunue mpya. Mzuie kwanza, usome mpaka mwisho.

Kutoka pale, mwenye tuktuk alinitajia 300 mpaka geti la bandari, tukakubaliana 200, na njiani akanipa bure habari za ndoa yake ya pili. Getini ni kitambulisho, karatasi ya wakala wa meli, kofia ngumu, kizibao cha kung'aa na viatu vyenye chuma mbele. Viatu vya wageni vilivyobaki vilikuwa namba 44. Askari, kijana mstaarabu sana, akanisaidia kuvijaza magazeti ya jana, nikapanda ile ngazi ya kuning'inia ubavuni mwa meli, inayumba, na siasa za Kenya zinanisugua vidole.

Meli ya Mjomba inaleta ngano, urefu wake kama mita 180. Njiwa wa Kilindini wamenona, wifi, siwezi kukueleza. Ngano inayomwagika wanaishi nayo, wamekuwa wazito hata kuruka hawana hamu. Mjomba mwenyewe hajabadilika, isipokuwa melini hakuna anayemwita jina. Ni "Chifu" juu, "Chifu" chini, kwa kuwa ndiye injinia mkuu. Akanishusha chumba cha injini kwa ngazi za chuma, kila orofa joto linaongezeka. Injini kubwa ilikuwa imezimwa, majenereta tu yanavuma, na hata hivyo tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti. Injini moja, wifi, ina kimo cha nyumba ya ghorofa tatu.

Swali la mwenye mbuzi nikaliuliza kwanza. Mjomba akajibu bila kufikiri: tani 25 hivi kwa siku, wakienda noti 12 na nusu, yaani maili za baharini 12 na nusu kwa saa. Ukihesabu tani moja kwa dola 600, hiyo ni dola 15,000. Karibu shilingi milioni mbili za Kenya kila jua likizama! Nilikaa juu ya ndoo. "Sasa," akasema, "hebu niambie, zikizidi tani mbili, utamlaumu nani?"

Hapo ndipo alipotaka nifike. Akanipeleka nyuma ya injini, mahali pembamba na penye kivuli, inakopita shafti kuelekea nje. Ni mti wa chuma wa duara, unene wake sentimita 40, unang'aa kwa mafuta. Mwisho wake, ng'ambo ya ukuta wa meli, ndiko iliko rafadha, ya shaba ngumu, mapanga manne, upana wake karibu mita 6. Katikati ya shafti wamefunga bangili ya plastiki yenye waya. Mjomba akainama na kurunzi akanionyesha kilicho chini yake: vipimio vyembamba kama ukucha wa mtoto, vimegandishwa kwenye chuma kwa gundi, vimekaa mshazari. Injini ikisukuma huku na maji yakikataa kule, shafti inajisokota, kama kanga inavyokamuliwa. Ni kidogo mno. Kwa kila mita moja ya chuma hicho, msokoto haufiki hata robo ya digrii, lakini vile vipimio vinauhisi na kuupeleka kwenye kompyuta bila waya, maana shafti ikizunguka waya ungekatika. Nguvu ya msokoto huo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko unapata nguvu halisi inayofika kwenye rafadha, kwa kilowati.

Nikaigusa shafti. Ilikuwa ya uvuguvugu. Sikuamini kwamba kitu kizito hivyo kinaweza kupindwa na maji, tena maji yaleyale tunayoogea Raskazone kwetu Tanga.

Saa sita kengele ikalia, tukapanda kula. Mpishi anatoka Ufilipino, mtu wa maneno machache na tabasamu nyingi. Kapika mchuzi wa samaki mwembamba wenye ukwaju, wifi, ukwaju kabisa, na bamia, na pilipili ndefu za kijani hazikupasuliwa. Wali ni asubuhi, mchana na jioni, wala hauhojiwi. Nilikula sahani mbili. Nilipomwambia kwamba kwetu ukwaju huwa kwenye urojo na kwenye maji ya futari, akaenda stoo akaniletea pakiti ya unga wa ukwaju kutoka kwao. Nimekuwekea.

Baada ya chakula Mjomba akanionyesha daftari lake. Kompyuta ipo, lakini daftari analiandika kila adhuhuri, na hesabu yenyewe hata mtoto wetu wa darasa la sita ataiweza. Rafadha yake ikizunguka mara moja, kama ingekuwa inajifunga kwenye kitu kigumu mithili ya skrubu kwenye mbao, ingesogea mita 4.2. Mizunguko 100 kwa dakika ni 6,000 kwa saa, yaani mita 25,200. Gawanya kwa 1,852, ambazo ni maili moja ya baharini, unapata maili 13.6. Lakini meli ilikwenda 12.5. Ile iliyopotea, asilimia 8, wao wanaiita slipu, kwa sababu maji si mbao, yanateleza.

Sasa sikiliza kisa. Mwaka jana meli hii ilikaa nangani nje ya bandari moja ya joto karibu mwezi mzima, inangoja zamu. Ilipong'oa nanga, mizunguko ileile 100, mwendo ukawa 11.6. Slipu ikaruka mpaka karibu 15. Mafuta yakapanda mpaka tani 26 na nusu, na safari ikawa ndefu zaidi juu yake. Ofisi ya wenye meli ikaandika: injini ina nini? Barua ya pili ikauliza mafundi wanafanya kazi gani humo. Mjomba alipokuwa ananisimulia sauti ilibadilika. Ni mtu wa miaka thelathini baharini, na alikuwa anaambiwa kwa adabu kwamba ameitupa injini yake.

Ile bangili ya shafti ndiyo iliyomtetea. Kabla ya kukaa nangani, shafti ilikuwa inabeba kilowati 6,000. Baada yake, kwa mizunguko ileile, 6,500. Na ukigawanya mafuta kwa kilowati na saa, kabla ilikuwa gramu 170 na baada ilikuwa gramu 170. Ukiona hivyo, wifi, injini haina hatia. Kila tone inalopewa bado inaligeuza kuwa nguvu ileile. Ni maji ndiyo yanayodai nguvu zaidi kuliko zamani. Kama gramu zingepanda kufika 185, hapo angefungua nozeli, angesafisha turbo, na barua zingekuwa na haki. Mjomba akawatumia grafu bila maneno mengi. Wiki hiyo hiyo wakaagiza mzamiaji.

Mimi nakuambia, kipimo hicho kingekuwa cha lazima kwa kila meli, ningepiga kura kwa mikono miwili. Mafundi wangapi wamefungua injini nzima bure, wakabadilisha vyuma vizima, kwa sababu tu mafuta yalizidi na hakuna aliyejua ni nani anayeyala!

Lakini usidhani ni rahisi hivyo. Nilimuuliza Mjomba kwa nini asitumie simu yake tu kupima mwendo, kama sisi. Akacheka. Simu inapima mwendo juu ya ardhi, na bahari yenyewe inatembea. Mkondo wa pwani yetu, kutoka kwetu Tanga kuja huku, unakwenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi unashika kasi kwelikweli. Meli ikija nao, hata iliyoota mwani kama shamba itaonekana hodari. Ikirudi, hata mpya itaonekana mvivu. Kwa hiyo kuna kifaa chini ya meli kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, ili kujua mwendo ndani ya maji. Hicho, anasema Mjomba, ndicho kinachomkosesha usingizi, kwa sababu nacho kinaota uchafu na kuanza kudanganya, na kikidanganya hesabu yote imeharibika.

Tena kuna upepo na mawimbi. Tangu 2016 ipo kanuni ya kimataifa ya kupima mambo haya, ISO 19030. Inataka nguvu ya shafti na mwendo wa majini viandikwe angalau kila sekunde 15, na vipimo vya wakati wa upepo mkali viwekwe kando, vibaki vile vya wakati wa utulivu vinavyolinganishika. Meli tupu hailinganishwi hivihivi na meli iliyoshiba. Mzee wa Kibajuni, nikakumbuka, hakukosea hata neno moja: upepo uleule, mzigo uleule.

Mzamiaji mwenyewe nikamkuta, maana alikuja saa nane kuzungumza bei. Kijana wa Mtongwe, mabega mapana, macho mekundu ya chumvi. Alitoa mfukoni kibao kidogo chenye vipande sita vya chuma, herufi A mpaka F, kinaitwa kibao cha Rubert. A ni laini kabisa, F inakwaruza. Chini ya maji, akasema, mara nyingi hata mkono wako huuoni, kwa hiyo unapitisha ukucha kwenye kibao, kisha unapitisha kwenye panga la rafadha, unatafuta herufi inayofanana. Akanipa nijaribu nimefumba macho. A na B zilinichanganya. D niliijua mara moja, inashika ukucha. Rafadha ya Mjomba safari iliyopita aliikuta D. Aliing'arisha kwa mashine ya mkononi, panga kwa panga, siku moja, na bei yake haikufika nusu ya mafuta ya siku moja.

Tumbo zima ni habari nyingine. Bandari nyingi duniani hazikubali lisuguliwe ovyo ndani yake, kwa sababu rangi yenye sumu inadondoka, na wadudu wa bahari za mbali wanabaki kuzaliana kwa wenyeji. Kijana akanionyesha picha kwenye simu: si magamba, ni ute tu, utando wa kahawia usiotisha. Nikasema huo si kitu. Akatikisa kichwa. Shirika la kimataifa la bahari, IMO, limeeleza kwamba utando wa nusu milimita tu, ukifunika nusu ya tumbo la meli, unaweza kuongeza hewa chafu ya meli kwa asilimia 25 hadi 30, kutegemea meli na mwendo wake. Nusu milimita! Mpaka yaote magamba, mwenye meli ameshalipa sana.

Jioni nikashuka kwa gari la shilingi 50 mpaka karibu na Mama Ngina, nikamalizia kwa miguu, viatu vyangu mwenyewe sasa, raha iliyoje. Ndiko Wamombasa wanakopungia upepo. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu 50, dafu 80, na mabuyu mekundu yaliyonipaka midomo mpaka mtoto mmoja akanionyesha kwa mama yake. Nikakaa ukutani. Maji yalikuwa yamejaa, na meli moja tupu ikatoka, karibu kiasi cha kusoma namba za kina zilizoandikwa ubavuni. Kwa kuwa haikuwa na mzigo, ncha za rafadha zilikuwa zinatokeza juu ya maji, pa, pa, pa, zinayachapa. Kwenye mstari wa maji palikuwa na ndevu za kijani, ndefu, zinalala nyuma kadiri meli inavyokwenda. Watu walikuwa wanapiga picha machweo. Mimi nilikuwa nahesabu ndevu zile ni tani ngapi kwa siku, nikasikitika kwa ajili ya chifu aliyemo ndani, kama hana bangili ya kumtetea.

Sasa mumeo. Mwambie asiuze mashine. Afanye hivi kwanza, na wewe uwe na kalamu kwa sababu yeye hataandika. Achague siku ya shwari, watu walewale wawili botini. Ajaze tangi mpaka alama, aende kutoka ufukweni mpaka kisiwa cha Ulenge na kurudi, mkono wa mafuta asiubadilishe, halafu ajaze tena kwa kipimo cha lita, uandike zimeingia ngapi na dakika ngapi kwenda, ngapi kurudi. Lazima iwe kwenda na kurudi, ili mkondo usimdanganye. Kisha bamvua ijayo alipandishe boti, alikwangue, na aitazame rafadha yake vizuri: ncha zikiwa zimebonyea kwa kugonga miamba, aipeleke kwa fundi ainyooshe. Halafu arudie safari ileile. Lita zikishuka, mkopo wa nini? Zikibaki palepale, basi mashine ndiyo mlaji, na fundi aanze na plagi na kabureta kabla ya kumwambia kitu kingine.

Natoka huku Jumamosi kwa basi la asubuhi. Haluwa nimeuliza bei Mji wa Kale, kilo moja 600, na nikichukua mbili wanapunguza. Mama anataka ya lozi au ile ya kawaida? Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa mchana wanafunga.

Wifi yako akupendaye.